Baba ana uvimbe kwenye figo: je, roboti itamwongezea miaka?

*"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61. Ana presha ya muda mrefu, na sukari aligundulika nayo miaka 4 iliyopita. Mwezi uliopita alipimwa ultrasaundi kwa ajili ya tezi dume, wakaona uvimbe kwenye figo ya kulia. CT imesema una sentimita 3.8, umetokeza kidogo kwa nje, na haujasambaa. Yeye haumwi popote. Daktari wa kwanza alisema figo yote itolewe kwa upasuaji wa kawaida. Wa pili akasema uvimbe unaweza kutolewa peke yake figo ikabaki, na kwamba India wanafanya kwa roboti. Mjomba amesoma kuwa ukifanyiwa kwa roboti saratani hairudi. Kaka anaogopa mashine ikizima katikati. Shangazi anasema uvimbe ukiguswa na kisu ndipo unasambaa, tumwache mzee. Tumeshaanza kuchanga kwenye kundi la familia. Ninachotaka kujua: waliofanyiwa kwa roboti, baada ya miaka 5 au 10 hali zao zikoje? Na baba akipasuliwa kawaida hapa Tanzania, tutakuwa tumemnyima nafasi ya kuishi?"*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo huo.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hamtakuwa mmemnyima. Mpaka leo hakuna ushahidi kwamba mtu aliyetolewa uvimbe wa figo kwa mkono wa kawaida anaishi miaka michache kuliko aliyetolewa uvimbe huohuo kwa roboti. Uvimbe ulio chini ya sentimita 4, ambao haujatoka nje ya figo, ukiondolewa vizuri, baada ya miaka 5 zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 huwa hawajafa kwa saratani hiyo. Ndivyo ilivyo kwa waliofunguliwa ubavu, na ndivyo ilivyo kwa waliotobolewa matundu na kufanyiwa kwa roboti. Taarifa za miaka 10 ni chache zaidi, lakini haziendi kinyume na hapo.

Sasa, katika barua yako kuna maswali mawili yaliyofungwa kwenye fundo moja, na nadhani ndiyo maana nyumbani hamwelewani. Swali moja ni hili: itolewe figo nzima, au uvimbe peke yake? La pili ni la chombo: kisu cha kawaida, matundu madogo, au roboti? Mjomba, kaka na shangazi wote wanabishania la pili. Mimi ningewaomba mrudi kwenye la kwanza, kwa sababu hilo ndilo litakaloonekana kwenye vipimo vya baba atakapokuwa na miaka 71. Chombo kitaonekana zaidi kwenye wiki sita za mwanzo.

Kwanza niwatoe hofu kaka na shangazi. Roboti haipasui yenyewe. Daktari anakaa kwenye kiti chake hatua chache kutoka kitandani, ameinamia kioo kinachomwonyesha ndani ya tumbo kwa ukubwa wa mara kadhaa na kwa kina, na vidole vyake vikisogea, vyombo vilivyo ndani ya mgonjwa vinasogea hivyohivyo. Ni kama cherehani: haishoni nguo pasipo fundi, na cherehani ya bei kubwa haimfanyi mwanafunzi kuwa fundi. Mashine ikigoma, jambo linalotokea mara chache sana, mikono yake huondolewa na timu humalizia kwa njia nyingine. Daktari wa pili yuko pale pembeni ya mgonjwa amevaa glovu muda wote. Timu isiyoweza kufanya hivyo haifai kugusa roboti kabisa, na hilo mna haki ya kuuliza.

Kuhusu shangazi, imani hiyo naisikia karibu kila kliniki na naielewa inakotoka. Watu wengi wetu hufika hospitali saratani ikiwa imeshasambaa, wanapasuliwa, wanafariki baada ya miezi, na kisu kinabeba lawama. Uvimbe wa figo ulio mdogo hausambai kwa sababu umeona hewa au chuma. Kinachofanyika ni kuuondoa ukiwa mzima, umefunikwa na tabaka jembamba la nyama isiyo na ugonjwa, kisha unaingizwa kwenye mfuko maalumu ndani kwa ndani kabla ya kuvutwa nje. Kumwacha mzee wa miaka 61 mwenye nguvu zake akae tu na uvimbe wa sentimita 3.8 bila hata ufuatiliaji, hilo ndilo nisiloliunga mkono.

Kwa mjomba nitakawia kidogo, kwa sababu kosa lake hata baadhi ya hospitali zinalitumia kwenye matangazo. Saratani ya figo kurudi au kutorudi huamuliwa hasa na saratani yenyewe: ni ya aina gani, seli zake ni kali kiasi gani zikitazamwa kwenye hadubini, imekula mafuta yanayozunguka figo au mshipa wa damu, na ukubwa wake. Hayo yote yalikwisha kuwa hivyo yalivyo siku baba alipopanda kitanda cha ultrasaundi. Daktari anachangia jambo moja kwenye hesabu hiyo, nalo ni kuutoa wote bila kuupasua. Baada ya kukata sehemu ya figo, ugonjwa hurudi palepale kwa wagonjwa wachache, kama 1 hadi 3 kati ya 100, na robotiki haijaonyesha kuishusha namba hiyo chini ya ile ya upasuaji wa kufungua.

Na si vizuri kudhani tu kwamba kipya ni salama kwa miaka mingi. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake waliofanyiwa kwa matundu madogo, wengine kwa roboti, walirudiwa na ugonjwa na kufariki zaidi kuliko waliofunguliwa kawaida. Wapasuaji wengi walishtuka, kwa sababu vidonda vilikuwa vidogo na wagonjwa walikwenda nyumbani mapema wakitabasamu. Mwanzoni mwa 2019 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikatoa tahadhari kwamba faida ya roboti kwenye kuzuia au kutibu saratani, hasa ya matiti na mlango wa kizazi, haijathibitishwa. Kwenye figo balaa hilo halijaonekana, nami silitarajii, kwa sababu namna uvimbe wa figo unavyokaa na unavyotolewa ni tofauti. Lakini nimeutaja mfano huo ili ujue kwa nini daktari makini hujibu taratibu anapoulizwa habari za miaka kumi.

Kuna sababu nyingine ya kujibu taratibu. Roboti inayotumika sana duniani, da Vinci, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na ripoti za kwanza za kukata sehemu ya figo kwa kutumia roboti zilitoka 2004. Kwa hiyo wagonjwa waliofuatiliwa miaka 10 au zaidi ni wale wa mwanzo, waliofanyiwa kwenye vituo vichache vikubwa, na wengi walichaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa mdogo na umekaa mahali parahisi. Matokeo yao ni mazuri sana, ila ni matokeo ya mikono hiyo na uvimbe huo. Hakuna jaribio kubwa ambalo liliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa roboti na hawa kufunguliwa, kisha likawafuatilia muongo mzima. Anayekwambia kuwa lipo anakuuzia kitu.

Tuje kwenye figo nzima au sehemu.

Daktari wa kwanza msimwone mjinga. Tangu miaka ya 1960, Charles Robson wa Toronto alipoonyesha faida ya kutoa figo yote pamoja na mafuta yake, tezi iliyo juu yake na matezi ya karibu, hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya saratani ya figo, na kwa uvimbe mkubwa bado ni tiba halali. Ni upasuaji wa hatua chache: funga mshipa, kata, toa. Pale ambapo hakuna mtu mwenye uzoefu wa kukata sehemu, au hakuna damu ya kutosha benki, kutoa figo nzima kunaweza kuwa ndiyo njia salama. Miongozo ya Ulaya na Marekani, hata hivyo, inasema kwa uvimbe wa ukubwa kama wa baba, inapowezekana, okoa figo.

Kwa nini ni kazi ngumu? Figo mbili kwa pamoja hupitisha zaidi ya lita moja ya damu kila dakika. Ukiikata bila kuifunga hutaona unachokata. Kwa hiyo daktari hutafuta mshipa mkuu unaoingia kwenye figo, anaubana kwa kibanio kidogo, na hapo muuguzi anaanza kutaja muda kwa sauti: dakika tano, dakika kumi. Figo iliyokuwa rangi ya damu ya mzee inapauka, inakuwa ya kijivu, inalegea. Katika dakika hizo daktari anauzunguka uvimbe na mkasi, anaunyanyua, anashona mishipa midogo iliyokatika, anaziba njia ya mkojo kama imefunguka, anavuta kingo mbili za figo zikutane, kisha anafungua kibanio na kusubiri. Rangi inarudi kuanzia katikati kwenda pembeni. Kama kuna mshipa uliosahaulika utaonekana hapohapo. Pembeni, kwenye bakuli, uvimbe ukikatwa katikati mara nyingi una rangi ya manjano kama dhahabu chafu, na unaona kwa macho ule mstari wa nyama nzima uliouzunguka. Mstari huo ndio daktari wa patholojia, yule anayechunguza nyama kwenye hadubini, ataukagua.

Figo iliyobanwa ikiwa na joto la mwili huanza kuumia kadiri dakika zinavyokwenda. Tunajitahidi isipite dakika 25 hivi. Na hapa kila chombo kina lake. Upasuaji wa kufungua unaruhusu kuizungushia figo barafu iliyosagwa, hivyo muda unaongezeka, na kwa uvimbe uliojificha katikati kabisa ya figo, au mtu mwenye figo moja tu, mimi bado naiheshimu sana njia hiyo. Upasuaji wa matundu wa kawaida ulioanza kwenye figo mwaka 1990 hutumia vyombo virefu vilivyonyooka, na kushona navyo ndani ya dakika 20 kunahitaji kipaji kisicho cha kila mtu. Matokeo yake wapasuaji wengi walipoona ugumu walitoa figo nzima. Roboti ina kiwiko na kifundo mwishoni mwa chombo, inashona kwa pembe yoyote. Hapo ndipo mchango wake wa kweli ulipo. Huko Marekani, hospitali zilipopata roboti, sehemu ya wagonjwa waliookolewa figo zao iliongezeka.

Kwa hiyo roboti humsaidia mtu kwa miaka mingi pale inapoleta tofauti kati ya figo kubaki na figo kuondoka. Kama daktari wako anaweza kuiokoa kwa kisu cha kawaida, sehemu kubwa ya faida hiyo ya miaka mingi unayo tayari.

Na upande wa pili: roboti ikitumika kutoa figo nzima, faida yake ni ya kutilia shaka. Uchambuzi wa karibu wagonjwa 24,000 wa Marekani waliotolewa figo nzima kati ya 2003 na 2015 uliwalinganisha waliofanyiwa kwa roboti na waliofanyiwa kwa matundu ya kawaida. Madhara makubwa yalikuwa sawa, roboti ilichukua muda mrefu zaidi, na gharama ilizidi kwa takriban dola 2,700. Kwa hiyo hospitali yoyote ikiwaandikia kwamba watatoa figo nzima kwa roboti, waulizeni ni kwa sababu gani.

Tofauti ya figo kubaki ni kubwa kiasi gani? Mtu mwenye figo mbili akikatwa sehemu ya moja, iliyoguswa hubaki na kama asilimia 80 ya kazi yake, na uchujaji wa mwili mzima hupungua kwa takriban asilimia 10. Akitolewa nzima, hata baada ya iliyobaki kujitanua kuziba pengo, hupoteza kama theluthi. Mwaka 2006 madaktari wa New York walitoa taarifa ya wagonjwa 662 wenye uvimbe mdogo. Kilichowashangaza kwanza ni kwamba karibu robo yao walikuwa na figo dhaifu tayari kabla ya kisu, na hawakujua. Baada ya miaka 3, kati ya waliookolewa figo, 80 kwa 100 walikuwa bado hawajashuka chini ya 60 kwenye kipimo cha uchujaji wa figo (eGFR). Kati ya waliotolewa nzima walikuwa 35 tu.

Ukisikia hivyo unadhani kesi imekwisha. Haijaisha. Jaribio pekee kubwa lililogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa figo nzima na hawa sehemu, 541 kutoka Ulaya kwa sehemu kubwa, lilikuja na jibu la kuudhi. Waliotolewa figo nzima waliishi sawa na wenzao, au hata zaidi kidogo: baada ya miaka 10, takriban 81 kwa 100 walikuwa hai, dhidi ya 76 kwa waliookolewa figo. Na waliofikia figo kufa kabisa walikuwa wachache, karibu 1.5 kwa 100 kila upande. Wengi waliofariki, pande zote mbili, hawakufa kwa saratani ya figo.

Mimi naisoma hivi. Figo iliyopungua kwa sababu ya kisu, kwa mtu ambaye hana ugonjwa mwingine, hutulia pale ilipofika na inaweza kumfikisha uzeeni. Figo inayopunguzwa na presha na sukari haitulii, inaendelea kushuka mwaka hadi mwaka. Baba ana vyote viwili. Akibaki na figo moja, hiyo moja ndiyo itakayobeba presha na sukari kwa miaka 20 ijayo. Na kwetu hapa, kusafisha damu mara tatu kwa wiki ni jambo linalofilisi ukoo mzima, hata pale bima inapolipa sehemu. Kwa hiyo kwa mtu kama yeye, uvimbe wa 3.8 uliotokeza nje, ningepigania figo ibaki. Angekuwa na miaka 45, hana presha, hana sukari, ningesema jambo hilohilo kwa sauti ya chini kidogo.

Kuna njia nyingine mbili ambazo huenda hamkuambiwa. Moja ni kufuatilia tu kwa vipimo. Uvimbe mdogo wa figo hukua polepole, kwa wastani kama milimita 3 kwa mwaka, na wazee walio dhaifu wenye uvimbe chini ya sentimita 3 mara nyingi tunawafuatilia bila kuwagusa. Hiyo pia maana yake ni kwamba baba hana haja ya kukimbizwa wiki hii, mna wiki kadhaa za kupima mambo. Nyingine ni kuuchoma au kuugandisha kwa sindano, ambayo hufanya vizuri zaidi chini ya sentimita 3. Kwa 3.8 na umri wake, vyote viwili vinakuwa chaguo la pili. Mjue vilevile kuwa kati ya uvimbe ulio chini ya sentimita 4, kama mmoja kati ya watano huwa si saratani kabisa. Kuchukua kinyama kwa sindano kabla ya upasuaji kunaweza kufikiriwa. Si lazima kwa kila mtu, lakini si dhambi kuuliza.

Kufunguliwa ubavu nako kuna matokeo yake ya muda mrefu, nisiyafiche. Chale huwa ndefu, wakati mwingine kipande cha ubavu hutolewa, na mishipa ya fahamu ya misuli ya pale huumia. Si wachache wanaobaki na ganzi, maumivu ya hapa na pale, au upande mmoja wa tumbo kulegea na kutokeza kama una ngiri. Mkulima au fundi mwashi ataliona hilo kila siku. Kwa roboti, vidonda ni vya sentimita moja hivi, kimoja hupanuliwa kupitisha uvimbe, mgonjwa mara nyingi anaruhusiwa baada ya siku 1 hadi 3 badala ya karibu wiki, na damu inayopotea kwa kawaida ni kidogo. Hizo ni faida halisi, wala si za kubezwa. Ila ni faida za aina nyingine na ile mnayoichangia kwenye kundi. (Na kwa kuwa wazee hawaulizi mbele ya mabinti zao: kukatwa figo hakupunguzi nguvu za kiume. Presha na sukari visivyotibiwa ndivyo vinavyopunguza.)

Kwa upasuaji wowote wa kuokoa figo kuna mambo matatu ya kujihadhari nayo. Damu kutoka siku ileile. Mkojo kuvuja kutoka pale paliposhonwa, ambao mara nyingi huisha kwa kuwekewa mpira. Na la tatu ndilo linalowakuta watu wakiwa wameshasafiri: mshipa mdogo ndani ya figo hutengeneza kifuko cha damu kinachopasuka baadaye, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi. Mgonjwa anajisikia mzima, halafu ghafla anakojoa damu nzito yenye mabonge. Hutokea kwa wachache sana, na huzibwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kufungua tumbo, ila panahitajika hospitali yenye kifaa hicho na mtaalamu wake.

Kwa hiyo mkiamua India, msikate tiketi ya kurudi siku ya nne kwa sababu tu ameruhusiwa. Kaeni karibu na hospitali kama wiki mbili, wekeni chumba cha kupanga kwenye bajeti tangu mwanzo. Muulizeni daktari kuhusu kinga ya damu kuganda miguuni kwenye safari ya ndege. Rudini na CD ya picha, muhtasari wa upasuaji unaosema mshipa ulibanwa dakika ngapi, na ripoti kamili ya patholojia. Nimeona wagonjwa wakirudi na karatasi ya bili na picha waliyopiga na daktari, basi. Sisi tunaobaki kumfuatilia tunafanya kazi gizani.

Kabla ya hapo, CD ya CT ipelekwe kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo aitazame mwenyewe, asisome tu ripoti. Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando wapo. Mimi sijaiona picha, na uvimbe "uliotokeza kidogo" unaweza bado kuwa umeegemea mshipa mkuu. Muulizeni, na mumuulize vilevile yeyote wa India kwa simu kabla hamjatuma hela: wewe mwenyewe umekata sehemu ya figo mara ngapi mwaka uliopita? Mara ngapi ulianza kuokoa ukaishia kutoa nzima? Wagonjwa wangapi waliongezewa damu? Kwa kawaida unabana mshipa dakika ngapi? Mpasuaji mzoefu hukujibu bila kukunja uso. Ujuzi wa upasuaji huu kwa roboti unaendelea kupanda hata baada ya wagonjwa wengi, hivyo roboti mpya mikononi mwa anayejifunza haimzidi mtu wa kisu aliyefanya kazi hii miaka mingi. Kama mtampata wa hapa nyumbani anayejibu maswali hayo vizuri, nami ndivyo ningefanya: baki hapa, hela ya safari iwe ya vipimo na dawa za miaka inayofuata.

Vipimo hivyo vinahitaji fedha na nidhamu. Saratani ya figo ina tabia ya kurudi kwa kuchelewa, hata baada ya miaka 5, na wakati mwingine upande wa pili au kwenye mapafu. Picha ya kwanza ya tumbo hufanywa kati ya mwezi wa 3 na wa 12, kisha kwa kawaida kila mwaka pamoja na kifua hadi angalau miaka 5. Ripoti ya patholojia ikisema ukingo una seli za saratani, msihuzunike kupita kiasi: wengi wao ugonjwa haurudi, ila ufuatiliaji unakuwa wa karibu zaidi. Presha ishuke na ikae chini. Sigara, kama anavuta, iishe. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la jirani kwa ajili ya mgongo aziache, na dawa za mizizi zisizojulikana zina nini vilevile.

Asisubiri miadi iwapo, kabla au baada ya upasuaji, atakojoa damu yenye mabonge au mkojo ukagoma kutoka. Baada ya upasuaji, homa, tumbo kuvimba na kuuma zaidi badala ya kupungua, kizunguzungu cha ghafla, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana, ni hospitali usiku huohuo.

Kitu kimoja hukuniandikia: kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vipi. Apimwe wiki hii, pamoja na protini kwenye mkojo, mwangalie namba iliyoandikwa eGFR kwenye karatasi. Ikiwa chini ya 60, mwende nayo kwa yule daktari wa kwanza mumuulize upya kama figo nzima bado anaitaka.